Pafyumu ya matunda na maua kwa kazi ya mchana kwenye joto la Moshi: nibaki na Daisy au nitafute nyingine?

FundiMagauni (Moshi)

Habari za leo wadau. Mimi ni fundi cherehani, nashona magauni hapa Moshi mjini, na kazi yangu inanisogeza karibu sana na watu. Nikimpima mteja mgongo au kifua, pua yake iko begani kwangu. Kwa hiyo harufu yangu naihesabu kuwa sehemu ya huduma, kama ilivyo kwa chumba cha kujaribia nguo: lazima kiwe safi na kisimkere mtu.

Wifi yangu kaniletea Daisy ya Marc Jacobs, ile chupa yenye kifuniko cha maua meupe, toleo la eau de toilette, yaani lile jepesi. Naipuliza saa moja asubuhi kabla sijatoka nyumbani. Mwanzo wake naupenda kwelikweli: stroberi, balungi, halafu kuna ukijani fulani wa majani mabichi unaozuia lile tunda lisigeuke pipi. Nikifika dukani maua yameshafunguka, na asumini ndiyo naitambua vizuri zaidi. Shida inaanza saa nne, bati likishapata moto na pasi inafanya kazi. Hapo siisikii tena. Nanusa viganja, nanusa kola, hakuna kitu. Lakini msichana ninayemfundisha kazi anasema anaisikia hadi mchana, na mama mmoja niliyekuwa nampima gauni la kipaimara cha mwanawe aliniuliza jina lake, wakati huo ni saa saba.

Sasa nimwamini nani, pua yangu au zao? Nimeshauriwa nihamie eau de parfum, ile nzito zaidi, kwa kuwa ndiyo inayodumu. Naogopa. Chumba changu ni kidogo, na vitambaa vya wateja, hasa satini, vinanyonya kila harufu. Naomba wenye uzoefu na joto letu la Januari na Februari wanisaidie.

Marashi_SokoKuu (Arusha)

Dada fundi, umeinusa vizuri kuliko wateja wangu wengi. Ulichoeleza ndicho kilichomo: juu, yaani harufu ya mwanzo, stroberi, balungi na majani ya urujuani (ua la violet), katikati gardenia, asumini na ua la urujuani lenyewe, chini, inayobaki mwishoni, miski, vanila na mbao nyepesi. Ilitoka mwaka 2007, mtengenezaji wake ni Alberto Morillas, ambaye mwaka 1994 alishirikiana na Harry Fremont kutengeneza pafyumu ya CK One. Huyo mtu anajua harufu za hewa wazi.

Kuhusu pua yako. Kuna mambo mawili. La kwanza, pua ya mtu huzoea harufu anayokaa nayo ikaacha kuitangaza, na hilo hutokea kwa pafyumu yoyote. La pili linahusu urujuani. Harufu yake inatokana na kemikali zinazoitwa ayononi, ambazo wanakemia Tiemann na Krüger walizitengeneza maabara mwaka 1893, na tabia yake inajulikana sana na watu wa kazi hii: inakuja, inapotea, inarudi. Wapo hata watu ambao kwa kuzaliwa hawaisikii vizuri moja ya hizo ayononi. Kwa hiyo waamini msichana wako na yule mama. Ukitaka kuhakikisha, toka nje, tembea kidogo kwenye hewa safi, kisha rudi ndani.

Eau de parfum usihamie. Kwa kawaida eau de toilette ina manukato kama asilimia 5 hadi 15, na eau de parfum 15 hadi 20, sehemu kubwa iliyobaki ni alkoholi. Kwenye baridi tofauti hiyo ni faida. Kwenye joto ngozi inairusha harufu kwa kasi, wimbi la kwanza linakuwa kubwa mno, na balungi likishaondoka unabaki na vanila iliyopashwa moto katika chumba kidogo. Hapo ndipo mteja anaanza kugeuza uso. Nawaona wadada wanakuja dukani wanauliza "ipi inadumu?" Kwa kazi ya mchana mimi naona swali linalofaa ni "saa saba inanukaje kwa mtu aliye karibu yangu?" Wewe jibu umeshapewa na mteja mwenyewe.

Ipo pia Daisy Eau So Fresh ya 2011, yenye rasiberi na peasi. Inachangamsha, lakini tunda limezidi. Kwa mtu anayepima watu vifua ningebaki na ile ya kwanza, maana majani yake ndiyo yanayoipa adabu.

Jambo lingine, usiamue hapa Arusha. Sisi tuko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, nyinyi hamfiki 1,000, na jua la Moshi unalijua. Pafyumu iliyotulia mkononi mwako dukani kwangu inaweza kupiga kelele ukishuka stendi ya Moshi. Na ile karatasi ya kujaribia haina jasho wala joto la mwili, inakuonyesha mlango tu, yaani harufu ya mwanzo. Mimi nampimia mtu mililita 10, anakwenda nayo, anafanya nayo kazi, ndipo anaamua kuhusu chupa nzima.

BintiMkoani (Kaloleni, Arusha)

Mwanangu fundi, mimi ni mtu wa Pemba, na nitasema langu. Tunda juani silipendi. Stroberi haikamuliwi mafuta ya kunukia kama yanavyotoka kwenye ganda la chungwa, ile ni kazi ya maabara, na mimi naisikia. Mchana nataka ua. Asumini, waridi, mlangilangi. Mlangilangi kwetu tunaujua, unachumwa asubuhi mapema kabla jua halijaukausha, na majirani zetu wa Komoro ni miongoni mwa wanaouzalisha kwa wingi zaidi duniani. Ukitaka tunda na ua kwa pamoja, jaribu J'adore ya Dior ya mwaka 1999, ile aliyoitengeneza Calice Becker. Ina peasi na matunda mengine, lakini maua ndiyo yanayotawala nyumba. Ni eau de parfum, kwa hiyo puliza mara moja, na isiwe shingoni.

Na hiyo chupa yako usiiweke dukani chini ya bati. Joto, mwanga na hewa vinaharibu harufu, ya balungi ndiyo inatangulia kuchacha. Iweke kabatini nyumbani, kwenye boksi lake.

Mshonaji_Njiro

Mimi nashonesha nguo sana na nina pumu. Pafyumu iliyopulizwa asubuhi nyumbani sina neno nayo. Inayonibana kifua ni ile fundi anayoipuliza nikiwa nimesimama ndani ya kile chumba cha pazia. Tafadhali msirudie kupuliza kazini, hata kama nyinyi wenyewe hamuisikii tena harufu yenu. Halafu hayo ni maji ya alkoholi, na wewe una pasi ya moto pembeni.

FundiMagauni (Moshi)

Shikamoo mama wa Pemba, na asanteni nyote.

Nimefanya alichosema mtu wa Soko Kuu. Leo saa tano nimetoka, nikaenda hadi kwa muuza ndizi wa kona ya pili, nikakaa kidogo kivulini. Niliporudi mlangoni niliisikia, na nilikuwa nimevaa gauni lile lile la asubuhi. Maua yamebaki mepesi, chini yake kuna miski kama ya nguo iliyoanikwa, vanila ipo mbali. Nimeridhika kabisa. Hiyo ndiyo harufu ninayotaka mteja aikute begani kwangu.

Kwa hiyo nabaki na Daisy, na sitapuliza tena viganjani, kwa kuwa viganja ndivyo vinavyogusa satini ya watu na miski haitoki kirahisi kwenye kitambaa. Nitapuliza tumboni na nyuma ya magoti, kwenye ngozi iliyopakwa mafuta ya mgando yasiyo na harufu, niache ikauke ndipo nivae. Ndugu wa Njiro, nimekusikia, kazini hakuna kupuliza.

Mama, J'adore yako nataka kuijaribu kwa ajili ya kanisani. Marashi_SokoKuu, unayo ya kupima? Jumamosi napanda Arusha kufuata zipu na bitana, niwekee mililita 10, nitapita kabla ya saa sita.