Mama katapeliwa kwa simu, benki wanasema kosa ni lake. Hivi nani alimfundisha kutii simu?

Wakuu, wiki tatu najizuia kuandika huu uzi maana nilijua nikianza tu nitatukana. Leo nimeshindwa, mtanisamehe.

Bi mkubwa wangu ana miaka 74, mwalimu mstaafu, akili timamu kuliko yangu, hesabu anapiga kichwani mpaka wajukuu wanamkimbia. Nasema hivi mapema kwa sababu najua kuna watu hapa wameshaanza kuandika "wazee bana". Hapana. Tulia usome kwanza.

Jumanne asubuhi iliingia meseji, kuna muamala umejaribiwa kwenye akaunti yako, kama si wewe subiri utapigiwa. Sasa ile meseji haikutoka kwa namba ngeni. Ilikaa palepale zilipo meseji zote za benki yake, chini kabisa ya ile ya salio la mwezi uliopita, kwa sababu simu inapanga meseji kwa jina la mtumaji, na jina la mtumaji linaghushiwa. Meseji ya tapeli inalala kitanda kimoja na za benki halafu mnataka mama wa watu azitenganishe kwa kunusa au?

Dakika tano mbele simu ikaita. Kwenye kioo namba ileile iliyoko nyuma ya kadi yake. Hapa naomba mrudie kusoma maana kila ninayemsimulia ananiuliza "sasa alipokea namba asiyoijua kwa nini?" ALIIJUA. Akaenda mpaka akatoa kadi kwenye pochi akalinganisha, tarakimu kwa tarakimu, na ikafanana. Namba inayotokea kwenye kioo sio ushahidi wa chochote, inachezewa kama jina la mtumaji, ila nani aliwahi kumwambia hilo? Kwenye kadi pameandikwa ukiwa na shida piga namba hii, basi akaiamini kama alivyofundishwa.

Alikaa na huyo kijana kwenye simu dakika 40. Mpole, anamwita mama kila sentensi, "mama usikate, ukikata hao wezi wanamaliza kila kitu". Akamwambia na wafanyakazi wa tawi wamo kwenye huo mchezo, kwa hiyo mtu yeyote akimuuliza aseme hela ni za ujenzi. Mnaona lilivyofungwa hilo? Hata kama mtu wa benki angestuka akauliza, mama keshapewa jibu na keshapewa sababu ya kumwogopa anayeuliza. Halafu ndo ikaja ile "tunazihamishia kwenye akaunti salama". Hakuna kitu kinaitwa akaunti salama jamani, wekeni hili kichwani, benki ikiona hatari inaifunga akaunti palepale ilipo, haikutumi wewe ubebe hela zako uzipeleke kwingine.

Kilichonivunja mimi ni daftari. Nilipofika nyumbani jioni nikalikuta mezani pembeni ya simu. Kaandika kila kitu kwa mwandiko wake wa ubaoni, jina la "afisa", saa aliyopiga, "namba ya kesi" kaipigia mstari kwa rula. Chini yake namba tatu za tarakimu sita sita, zile zinazokuja kwa meseji kuthibitisha muamala, kila moja na mstari wake na alama ya vema mbele baada ya kumsomea. Ananiambia, "alikuwa ananisubiri niandike, hakunikimbiza." Wakuu nilitoka nje nikasimama kwenye giza.

Kiinua mgongo chote. Kimeenda kwenye akaunti moja, na kabla hajamaliza kunywa chai kimeshatoka hapo kimegawanywa kwenye nyingine huko. Maana hao wana akaunti za kupitishia zilizofunguliwa kwa vitambulisho vya watu wengine, hela haikai.

Benki sasa. Tumepanga foleni, tumejaza fomu, dada wa kaunta hata hajainua uso: "mama alitoa namba za siri mwenyewe, masharti yanasema mteja asitoe." Sawa, masharti yanasema, kurasa kumi na kitu za herufi za sisimizi. Nikameza.

Siku ya pili yake, nikiwa nimekaa na mama sebuleni, simu inaita, namba hatuijui. Mdada anajitambulisha anatoka benki, idara ya malalamiko. Na wallahi sentensi yake ya kwanza baada ya salamu ni: "kabla hatujaendelea naomba uthibitishe majina matatu, tarehe ya kuzaliwa na namba ya kitambulisho." Mama akaniangalia, akafunika simu na mkono, "nimpe?" Nikatikisa kichwa. Akamjibu kwa adabu tu kwamba atapiga mwenyewe makao makuu. Mdada akabadilika sauti: "mama usipotoa ushirikiano faili lako litafungwa."

Na alikuwa wa benki KWELI. Nilipiga nikahakikisha.

Ndo hasira yangu yote ipo hapo. Mnampigia mtu kwa namba asiyoijua, mnamdai taarifa zake za siri, akisita mnamtishia kwamba muda unaisha. Tapeli ana tofauti gani na nyie, zaidi ya kwamba yeye alikuwa na adabu? Mmewazoesha wateja miaka yote kwamba mtu halali ndo anavyoongea, halafu siku mtu asiye halali akiongea hivyohivyo kosa ni la mteja.

Uingereza walishaondoka kwenye huu ujinga. Toka tarehe 7 Oktoba 2024 mtu akilaghaiwa akahamisha hela ndani ya nchi, benki yake inatakiwa imrudishie, mpaka pauni 85,000, na nusu ya hiyo hasara inalipwa na benki iliyoipokea. Hiyo nusu ndo inanifurahisha, kwa sababu akaunti ya mwizi haikufunguliwa na mama yangu, kuna benki ilimfungulia. Na ile hoja ya "ulizembea" haipigwi kwa mteja ambaye hali yake ndo ilimfanya ashindwe kujilinda. Sisemi matapeli wameisha kule, wapo tele, ila angalau benki nayo inaumia mfukoni na mtu akiumia mfukoni anatafuta dawa.

Na msidhani ni simu tu. Mzee jirani yake mama, anatembea na fimbo, walikuja vijana wawili na rifulekta na beji shingoni, "tunakagua maji". Mmoja akamwambia mzee simama jikoni ushike bomba usifunge mpaka nikuite. Mzee kasimama na bomba lake linatiririka, mwenzake yuko chumbani anapekua. Kuna wale wengine wa "nilikuwa napita nikaona paa lako limeachia", anapanda juu, anapabomoa mwenyewe, anashuka na kipande mkononi kama ushahidi. Yote ni mchezo mmoja, anakuwahisha na anatumia ustaarabu wako, maana wazee wetu kumfungia mtu mlango usoni wanaona ni utovu wa adabu. Mwambieni mzee wako ana ruhusa. Afunge mlango, apige ofisini kwa namba iliyo kwenye bili yake, sio iliyo kwenye beji. Mkaguzi wa kweli atasubiri nje hata nusu saa, hasusi.

Yule mzee alikaa kimya miezi miwili. Aibu. Na mama naye ameniomba dada zangu wasijue. Hiyo aibu ndo mtaji wao, kwa sababu ukishapigwa jina lako linaingia kwenye orodha na orodha inauzwa. Juzi kapigiwa na "wakili", anajua kiasi kilichoibiwa mpaka senti, anasema anaweza kukirudisha ila kuna ada kidogo ya kufungua jalada. Wiki ya tatu tu hii! Wamerudi kulamba sahani.

Kuna mtu ataniuliza na wewe mtoto ulikuwa wapi. Swali zuri, linaniuma. Mimi ndo nilimfungulia hiyo apu ya benki. Mara ngapi nimempigia niko kazini nina haraka, "mama kuna namba sita zimeingia hapo, nisomee fasta." Alikuwa ananisomea taratibu na mimi nafoka. Kwa hiyo msidhani nawanyooshea benki peke yao.

Sasa malalamiko tunayapeleka juu, kwa msimamizi wa mabenki, na kwa maandishi, hakuna kuongea na mtu kwenye simu tena. Mwenye uzoefu wa ngazi hiyo aje, hasa kama uliwahi kuidai benki ILIYOPOKEA hela, nataka kujua walikujibu nini. Anayekuja kuandika "wazee wawe makini" apite tu.

NYONGEZA: mlioshauri neno la siri la familia, kwa sababu siku hizi sauti ya mtoto wako inatengenezwa kwa kompyuta, ahsanteni, tumeweka. Mama kachagua mwenyewe neno. Jana nimempigia kwa simu ya kazini, kaniuliza neno, nimelisahau. Kakata. Nikapiga tena, hajapokea mpaka nilipofika mlangoni jioni, na hapo pia kanichungulia kwanza dirishani.