Noah ya D4 inamisi asubuhi, hivi D4 inafanyaje kazi jamani?

Mwenye Noah, Igoma:
Wakuu habari za humu. Nina Toyota Noah injini ya 1AZ ile ya D4, nabebea dagaa kutoka soko la Mwaloni. Asubuhi nikiwasha inatetemeka na kumisi kama dakika mbili hivi halafu inatulia, juzi taa ya cheki injini nayo ikawaka. Fundi kaniambia D4 ni shida toa hiyo injini. Kabla sijatoa hela nieleweshwe, mafuta humu yanaingiaje tofauti na injini za kawaida?

Fundi, Nyakato:
Mkuu usitoe injini kwanza. Ya kawaida nozeli inapulizia petroli nje ya silinda, mgongoni mwa valvu, hewa ikiingia inaibeba. D4 nozeli imeingia mpaka ndani kabisa, valvu inapitisha hewa tupu, petroli inaikuta humo humo. Sasa ndani pistoni inabana na muda wa kupulizia ni mfupi mno, pampu ya kwenye tenki peke yake haiwezi, ndo maana juu ya injini kuna pampu ya pili inasukumwa na kamshafti. Injini ya kawaida presha ya petroli ni kama psi 45 hivi, hii inavuka 1,000, na gari mpya za siku hizi zipo zinazofika 5,000! Petroli inatoka ukungu kabisa, na ukungu ukigeuka mvuke unapoza hewa ya ndani kama mtungi unavyopoza maji, kwa hiyo injini inabana zaidi bila kugonga, yaani bila mafuta kujilipukia yenyewe, nguvu unaipata kwa mafuta kidogo. Inaniuma sana watu wanavyozitupa hizi injini.

Mdau, Kirumba:
Weka dawa ya kusafishia nozeli kwenye tenki mkuu, yangu ilitulia.

Fundi, Nyakato:
Nozeli sawa itasafisha, ila valvu haizigusi, maana petroli haipiti tena pale kuziosha. Mvuke wa oili na moshi wa ekzosi unaorudishwa kwenye injini vinagandia hapo miaka na miaka. Mwezi jana nimefungua manifodi, lile bomba la kuingizia hewa, ya Noah kama yako, valvu zimevaa masizi magumu kama ukoko wa ugali ulioungua, hewa itapita wapi? Nilikwangua silinda moja moja valvu zikiwa zimefunga ili uchafu usidondokee ndani, siku nzima imeisha, ila asubuhi yake iliwaka mara moja na kutulia. Anza na plagi na koili lakini, ndo rahisi.

Dada wa spea, Buzuruga:
Kaka angalizo, asilegeze mtu bomba la ile pampu ya juu injini ikiwa imezimwa sasa hivi, presha inabaki na mafuta yanapenya ngozi. Halafu Toyota wenyewe baadaye wakaleta D-4S, kila silinda nozeli mbili, moja ndani moja nje, ya nje inaziosha valvu.

Mwenye Noah, Igoma:
Aisee asanteni sana, nimeelewa. Kesho naipeleka ipimwe kwenye mashine kwanza, kama plagi na koili ni nzima nakuja Nyakato tufungue manifodi. Fundi, gaskiti yake nije nayo au unazo?