Nimekabidhiwa daftari la chakula shuleni, na mtoto wa jirani yangu yumo kwenye orodha ya wasiotoa. Nisome jina lake?

MamaNai:
Wakuu, za jioni. Jambo hili limenikaa kooni wiki nzima. Matusi tuweke pembeni, naomba ushauri.

Naishi pembezoni mwa jiji la Arusha, huku ambako ukishuka kwenye kifodi unakanyaga vumbi moja kwa moja. Binti yangu yuko kidato cha tatu, shule ya kata, ya kutwa. Shule siitaji. Wanatoka nyumbani saa kumi na mbili kasoro asubuhi, wanarudi jioni. Januari wazazi wa kidato chao tulikaa kikao tukakubaliana: kila mtoto debe moja la mahindi na kilo tano za maharage kwa muhula, na hela kidogo ya kuni na mpishi. Mikono ikanyooshwa, muhtasari ukaandikwa, mimi nikachaguliwa mweka hazina. Nadhani ni kwa sababu nauza mitumba, wanajua sioni aibu kudai.

Watoto ni 98. Waliotoa ni 78. Sasa kamati imeamua kuanzia Jumatatu asiyetoa hali, na mimi ndiye nisimame mlangoni mwa jiko na daftari.

Kati ya hao 20 yumo binti wa jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Anachota maji na binti yangu, Jumapili anakula kwangu. Baba yake ni mwanaapolo, mchimbaji wa tanzanite kule Mererani, na shimo lao halijatema tangu mwaka juzi. Lakini yumo pia mtoto wa bwana mmoja mwenye bodaboda tatu barabarani. Huyo ukimdai anakujibu "elimu ni bure, mama". Nikimruka jirani yangu, huyu wa bodaboda nitamsomaje? Au nimlipie jirani kimyakimya?

ChaliiWaSakina:
Yeyo, rudisha daftari lao. Kazi ya kunyima watoto chakula afanye aliyeipendekeza.

BabaWaWatatu:
Rahisi kusema. Shuleni kwetu mwaka jana tulikuwa na huruma hiyohiyo. Kufika mwezi wa nne kande likawa maji, unahesabu maharage kwenye bakuli. Tuliokuwa tumetoa tukaona tunachezewa, tukaanza kuwapa watoto mia tano ya maandazi. Mwezi wa tano sufuria ikaoshwa ikafungiwa stoo. Waliokosa hawakuwa 20 tena, walikosa wote. Mimi nasema soma majina.

MwalimuMstaafu:
Mama Nai, nimefundisha fizikia miaka 26, nyingi katika shule za kata kama hiyo. Bwana wa bodaboda ana nusu ya ukweli. Kilichofutwa kuanzia Januari 2016 ni ada, ambayo kwa kutwa ilikuwa 20,000 kwa mwaka, pamoja na michango ya lazima. Waraka wa Elimu Na. 3 wa 2016 unaacha chakula cha mwanafunzi wa kutwa mikononi mwa mzazi, sawa na sare na madaftari. Kwa hiyo chakula si bure. Ila mtoto hafukuzwi wala hazuiwi masomo kwa mchango ambao mzazi wake hajatoa.

Na kumweka mlangoni akitazama wenzake wakipakuliwa, mimi sioni tofauti kubwa na kumfukuza. Aliyenyoosha mkono kikaoni ni baba yake. Waliopiga pasi ndefu, yaani walioshinda bila kula, nilikuwa nawajua bila daftari: pindi la kwanza baada ya chakula wamelalia dawati, na ukiwaita ubaoni wanasema wanaumwa tumbo. Wengi hawakurudi kidato cha nne. Bwana wa bodaboda mpeleke kwa mwenyekiti wa mtaa, huko ndiko mzazi anadaiwa. Mtoto wake apakuliwe.

MpishiWaSafari:
Shikamoo mwalimu. Mimi napikia wageni mlimani na Serengeti, nisaidie kwenye hesabu tu.

Mwaka wa masomo ni siku 194, muhula ni kama 97. Mwanafunzi mmoja gramu 150 za mahindi makavu kwa siku zinamtosha. Hiyo ni kilo kumi na nne na nusu kwa muhula. Debe lina kama kilo 18. Kila aliyetoa amebakiza kilo tatu na nusu. Zidisha kwa 78 utapata kilo 273, watoto 18 wengine wameshakula. Mahindi hayana shida, wakuu. Kilo tano za maharage ndizo gramu hamsini tu kwa siku, hapo hakuna ziada hata ya punje, na ndiyo maana kwa BabaWaWatatu likawa maji. Mnagombana kuhusu debe wakati pengo ni maharage: kilo mia moja, gunia moja, kwa watoto wote 20.

Halafu Januari ni mwezi mbaya wa kudai. Umetoka Krismasi, umenunua sare. Sisi wa utalii Aprili na Mei mfukoni ni upepo, tunapumua Juni wageni wakiingia. Nidai Julai, maharage mapya yakiwa sokoni, nitatoa ya mwaka mzima.

(Kama walimu wanakula sufuria hiyohiyo, waingizeni kwenye hesabu. Siulizi kwa ubaya.)

DadaWaNgulelo:
Asiye na maharage ana mikono. Achambue, apasue kuni, aoshe masufuria.

MamaNai:
Dada, nililiwaza hilo. Lakini atakayeonekana jikoni Jumanne si atajulikana ndiye asiyetoa?

DadaWaNgulelo:
Zamu iwe ya wazazi wote, hata wewe. Mwenye hela na hataki zamu, atoe kilo mbili za maharage za ziada. Hapo aliye jikoni hajulikani kaja kwa nini.

BabaWaWatatu:
Hii ya zamu naiweza. Mke wangu atanicheka, lakini naiweza.

MamaNai:
Wakuu, nimerudi. Jumatatu sikusimama mlangoni. Nilimwonyesha mwenyekiti wa kamati hesabu ya mpishi kwenye karatasi ya nyuma ya daftari. Akaipiga mara mbili kwenye simu yake, kisha akasema watoto wote wale mpaka kikao.

Jioni nilikwenda kwa jirani. Kumbe alishajua. Binti yake alisikia tangazo tangu Jumatano iliyopita, na tangu siku hiyo hakusogea jikoni kabisa, akiulizwa anasema tumbo. Wangu alikuwa anamgawia nusu bakuli nyuma ya darasa na hakuniambia. Jirani akaniuliza kama kuni anaweza kuleta yeye, kaka yake anakata miti Ngaramtoni. Nimesema alete.

Wa bodaboda hapokei simu yangu.

Kikao ni Jumamosi saa nne. Mwenye mfano wa daftari la zamu za jikoni aniwekee hapa, nisianze kuchora mistari usiku.