Yubolti za springi zinalegea kila safari, nakosea wapi?

Wakuu, nina lori la tani 7, nabeba mbao Makambako kwenda Dar. Yubolti za nyuma, zile bolti za umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli, zinalegea kila nikishuka mlima Kitonga. Jana senta bolti, ile inayopita katikati ya majani (vyuma bapa) ya springi, imekatika, ekseli ikarudi nyuma upande mmoja, gari linatembea kama kaa. Yubolti nilikunjiwa nondo, nikarudishia nati za zamani.

— Pole mkuu. Funga nati mbili mbili, yaishe.

— Nati mbili haziponyi chuma laini, ndugu yangu. Nondo ya kukunja kwa moto ni ya zege. Nunua yubolti ya daraja la nguvu 8.8: 8 ya mwanzo ni mkazo wa megapaskali 800 wa kukatika, na ikifika asilimia 80 ya hapo ndipo inaanza kurefuka isirudi. Pima unene na upana wa miguu, na mgongo wake ulalie ekseli vizuri. Nati ziwe mpya. Kwangua kutu na rangi kwenye sahani, kile chuma bapa ambacho nati zinakalia, kaza kwa msalaba kidogo kidogo. Ukipakia, simama baada ya kilomita chache ukaze tena, maana majani ya springi yanakaa. Mimi huchora mstari wa rangi kuanzia nati hadi sahani; mstari ukivunjika tu, najua nati imezunguka. Senta bolti kazi yake kupanga majani, umeibebesha mzigo wa yubolti.

— Asante mzee. Zile za zamani niziweke akiba?

— Zifungie banda la kuku.