Siku moja ya kuvua mzia: boti ya kuchangia au kukodi peke yenu?

Tezi_na_Omo

Habari za jioni wakuu. Tuko watatu, tumetenga siku moja tukamsake mzia (barakuda), na hatujaelewana tupande boti gani. Zilizobaki mezani ni hizi:

A. Boti kubwa ya kuchangia, siku nzima. Inabeba hadi watu ishirini, ina tangi la chambo hai, inatia nanga au inaelea na mkondo juu ya miamba.

B. Boti ndogo ya kuchangia, nusu siku, watu sita tu. Hii inakokota mishipi muda wote.

C. Kukodi boti ndogo sisi wenyewe, nusu siku.

Kati yetu mmoja ni mvuvi mzuri, mimi nimezoea kuvua nikiwa ufukweni, na wa tatu hajawahi kushika fimbo, halafu hata kwenye kivuko huwa anatapika. Habari ya bei niachieni, hesabu nimeshapiga. Ninachotaka kujua ni wapi tutavua kweli na si kutembezwa.

Chambo_Hai

Karibu mkuu. Wengi wanalinganisha ukubwa wa boti na idadi ya saa, wanasahau swali lenye uzito kuliko yote: samaki akiuma, fimbo ni ya nani?

Kwenye boti iliyotia nanga au inayoelea, kila abiria ana fimbo yake mkononi. Unatupa mwenyewe, unahisi mwenyewe anavyogonga, ukimkosa umemkosa wewe. Kwenye boti ya kukokota mambo ni tofauti kabisa. Nyuma kuna mishipi minne mpaka sita, fimbo zimechomekwa kwenye vishikio, na mabaharia ndio wanaozitunza. Abiria mnakwenda kwa zamu. Samaki akiuma, mwenye zamu anaitwa, anakabidhiwa fimbo ambayo ndoana imeshazama, anazungusha rili. Mkiwa sita na siku yenyewe ni ngumu, mtu anaweza kurudi nchi kavu hajagusa fimbo hata mara moja. Kwenye hiyo B, nyie watatu mtagawana zamu na watu wengine watatu msiowajua.

Kwa hiyo kwangu ni A, bila kusita. Mzia ni samaki wa kumchokoza: unarusha chambo cha chuma, unakivuta mbio, unamwona anakuja nyuma yake, unaongeza kasi, anakirukia. Raha yote iko pale. Ukishakabidhiwa fimbo ambayo samaki amekwisha nasa, umefika mwisho wa hadithi.

Mwamba_Mkavu

Nakubaliana na Chambo_Hai nusu. Inategemea mzia gani mnamfuata. Kuna aina zaidi ya 20 za mzia, na hawaishi namna moja. Wadogo na wa kati hutembea kwa makundi. Nahodha akilipata kundi, akatia nanga upande mkondo unakotoka na mabaharia wakaanza kurusha dagaa hai majini, mizia wanapanda juu na boti nzima inavua. Hapo A haina mpinzani.

Lakini yule mkubwa wa kitropiki, anayeweza kukaribia urefu wa mita 2, akishakomaa huishi zaidi peke yake. Mmoja yuko kwenye kichwa cha mwamba, mwingine yuko mbali huko kwenye ukingo wa kina. Ukitia nanga sehemu moja utampata huyo mmoja, basi, mtakaa mnatazamana. Kukokota ndiko kunakopitisha chambo mbele ya wengi. Kwa hiyo msiidharau B bila kumuuliza nahodha siku hizi wanatoa samaki wa namna gani.

Bi_Chubwi

Jamani, mmesahau msongamano! Watu ishirini kwenye ukingo mmoja si mchezo. Boti inayoelea husukumwa na upepo na mkondo, kwa hiyo mishipi yote huishia kulala upande mmoja. Mzia akinasa hashuki chini kama samaki wa miambani. Anakimbia juujuu kwa kukata kona, anapita chini ya mshipi wa jirani, juu ya wa pili, anauzunguka wa tatu. Usipomfuata kwa miguu, ukasimama pale pale umejishikilia, umewafunga watu wanne. Na wakiwa wanatumia mshipi wa kusuka, ule mwembamba, fundo lake halifunguki. Baharia anakuja na kisu.

Kuna boti moja niliwahi kupanda, jina naliacha. Tangazo lilisema nafasi tele. Tulipofika gatini tukakuta wamejaza mpaka wa mwisho, fimbo za kukodisha zimewaishia, na wateja wao wa kila mara wameshajipanga nyuma kwenye tezi tangu alfajiri. Sisi wengine tukasukumiwa ubavuni, upande upepo unakotoka, mishipi inarudi chini ya boti. Siku ile nilivua zaidi ndoana za majirani.

Kwa hiyo usiulize "boti inabeba wangapi?" Uliza "siku hiyo mmeandikisha wangapi, na mwisho wenu ni wangapi?" Boti nyingi nzuri hazijazi nafasi zote wanazoruhusiwa na sheria. Uliza pia kama nafasi za tezi ni za anayewahi au watu wanazungushwa. Wanaozungusha watu, mimi nawapa alama zote.

Kaskazi

Huyo wa tatu anayetapika mpandisheni boti kubwa. Boti ndogo inayokokota polepole huku bahari ikiipiga ubavuni itammaliza. Dawa ya kichefuchefu aimeze kabla ya kupanda, kama maelekezo yake yanavyosema. Akisubiri mpaka tumbo lichafuke hata kidonge hakitakaa. Akae katikati ya boti, mbali na moshi wa injini, macho kwenye upeo wa bahari, na simu aiweke mfukoni.

Halafu kumbukeni, mkichangia, boti haitarudi kwa sababu ya mtu mmoja. Mkikodi wenyewe, nahodha mtamwambia arudi na atarudi.

Tezi_na_Omo

Shukrani wakuu. Hilo la zamu sikulijua kabisa. @Kaskazi, umenichanganya kidogo: kwa tumbo A ni afadhali, ila kwa kurudi mapema C ni afadhali?

Kaskazi

Ndiyo hivyo hivyo. Chagueni mnachoogopa zaidi.

Rili_Kuukuu

Mimi nitasema ya muda, maana "siku nzima" na "nusu siku" ni maneno ya tangazo. Muulize nahodha: mshipi wa kwanza unaingia majini saa ngapi, na wa mwisho unatolewa saa ngapi? Boti ya saa nane ambayo mwamba wake uko mwendo wa saa moja na nusu kwenda, saa moja na nusu kurudi, inawapa saa tano za kuvua. Nusu siku ya saa nne kwa safari ile ile inabakiza saa moja. Kama mwamba uko karibu na gati, nusu siku ya asubuhi inaweza kuwashinda wa siku nzima, kwa sababu mzia anawinda kwa macho na hupenda mwanga hafifu wa alfajiri. Jua likishakuwa utosini na maji yakawa maangavu, unamwona amesimama tu kama gogo, anakitazama chambo chako kinapita. Anaamka tena maji yanapoanza kujaa au kutoka.

Kama nusu siku ni ya mchana, iacheni. Pwani nyingi upepo hupanda mchana na huyo mgonjwa wenu ndiye atakayelipia.

Chambo_Hai

@Rili_Kuukuu umesema kweli. Niongeze: siku nzima ina faida nyingine, nahodha ana muda wa kuhama. Akikosa mwamba wa kwanza anajaribu wa pili na wa tatu. Wa nusu siku akikosea mwanzo, siku imeisha.

Waya_Mfupi

Naona hakuna aliyegusa vifaa, na kwa mzia huwezi kuviruka. Huyu samaki ana meno ya mbele marefu kama sindano, na taya la chini limejitokeza kupita la juu. Akiuma dagaa wako, mara nyingi hammezi. Unahisi pigo moja, mshipi unalegea, unavuta: ndoana inarudi na kichwa cha dagaa tu, nyuma ya mapezi pamekatwa sawasawa hata damu haijaanza kutoka. Watu wanadhani wamekula hasara kwa bahati mbaya. Hapana, ndoana ilikuwa mbele na yeye kakata nyuma. Weka ndoana ya pili karibu na mkia, iunganishe na ya kwanza kwa waya.

Hata waya wa kati ya ndoana na mshipi, unaozuia meno yasiukate, usiwe mrefu. Wadogo wa kwenye makundi, wengine wanawavua bila waya, kwa nailoni nene tu, kwa sababu maji yakiwa maangavu waya unawatia shaka. Wanakubali kupoteza ndoana mojamoja. Kwa wale wakubwa wa miambani, usijaribu bila waya.

Sasa rudi kwenye ulinganisho wako. Boti A, fimbo za kukodisha mara nyingi zimefungwa kwa kuvua chini: chubwi zito, ndoana mbili, hakuna waya. Kwa mzia hazifai. Bebeni vipande vyenu vya waya na chambo bandia: vijiko vya chuma vinavyomeremeta, na ile mirija ya rangi kali yenye urefu kama wa mkono, inayojinyonganyonga ukiivuta mbio. Mzia mkubwa ana wazimu nayo. Boti B vifaa vyote ni vyao na vimeandaliwa kwa samaki hawa, ninyi mnakwenda mikono mitupu. Kwa asiyewahi kushika fimbo, hiyo ni nafuu kubwa.

Na kwenye boti ya watu wengi usirushe chambo kwa kuzungusha fimbo nyuma ya mgongo. Tupa kwa kutoka chini kwenda juu, na angalia nyuma kwanza. Ndoana yenye matawi matatu ikiingia sikioni mwa jirani, hakuna atakayekumbuka ulivua nini.

Bi_Chubwi

Pia msimnyanyue kwa mshipi! Akifika ubavuni mwa boti, tulia, ita baharia aje na kulabu au wavu. Mzia ana tabia ya kutulia kabisa anapokaribia, halafu akiona boti anaondoka upya kwa kishindo. Breki ya rili ikiwa imekazwa mno, mshipi unakatika pale pale mbele ya macho yako. Na akishapanda sitahani asiguswe mdomo. Koleo ndefu ndiyo inayotoa ndoana.

Mlezi_wa_Miamba

Samahani kwa kuingia kwa jambo la kuchosha, lakini ni la lazima. Kabla hamjapanga nani anabeba samaki yupi nyumbani, muulizeni nahodha kama eneo lile lina sumu ya siguatera. Inatokana na vijimea vidogo sana vinavyoota kwenye miamba ya matumbawe. Samaki wadogo wanavila, wakubwa wanawala wadogo, na sumu inazidi kujikusanya kadiri unavyopanda. Mzia mkubwa yuko juu kabisa ya ngazi hiyo. Haina harufu, haina ladha, na haiondoki kwa kupika, kugandisha wala kutia chumvi. Anayeipata hutapika na kuharisha, midomo na vidole vinachonyota, na wengine kitu cha baridi wanakihisi kinaunguza.

Tahadhari hii ni ya bahari za joto zenye matumbawe. Yule mzia wa maji baridi zaidi, kama anayevuliwa pwani ya California, hana sifa hiyo mbaya.

Kwa mkubwa wa matumbawe, mimi ningemrudisha majini. Hapo C inashinda: mnakubaliana na nahodha tangu mwanzo kwamba mnavua kwa ndoana moja moja zisizo na matawi, chonge la ndoana (kile kijino kinachoizuia isitoke) limebanwa, na samaki hapandishwi juu. Kwenye boti ya kuchangia kila mtu ana lake, na baharia ameshazoea kulabu. Ukitaka wako arudishwe, mwambie kabla hujatupa mshipi, akishachomwa umechelewa. Na wale mnaobaki nao, ulizeni urefu wa chini na idadi inayoruhusiwa kwa kila mtu, na kama leseni inakatwa na boti au na abiria mwenyewe.

Mwamba_Mkavu

Kwenye A ulizeni pia samaki wanatiwa alama vipi. Boti zenye mpangilio kila mtu ana gunia lenye namba, samaki wako anaingia gunia lako. Zisizo na mpangilio, wote wanatupwa sanduku moja la barafu, na jioni ndiyo utajua tabia za watu. Mizia wa kundi moja wanafanana, huwezi kuapa huyu ni wangu.

Tezi_na_Omo

Nimepiga simu leo, majibu haya hapa. A: wameandikisha kumi na wawili, mwisho wao ni kumi na sita, tezi wanazungusha kila nahodha anapohama mwamba. Mwendo ni saa moja kwenda. Wiki hii wanapata mizia wa makundi. Magunia yana namba. Fimbo za kukodisha zipo, waya hawana. B: zamu zinapigiwa kura asubuhi, na wana nafasi nne tu zilizobaki. C: nahodha amesema siku hiyo anayo ya mchana tu.

Rili_Kuukuu

C basi imejitoa yenyewe. Kwa makundi na kumi na wawili, nendeni A.

Waya_Mfupi

A. Na huyo asiyewahi kushika fimbo mpe dagaa hai na fimbo laini, chambo cha chuma kitamchosha mkono kabla ya saa nne. Akigongwa asivute kwa nguvu, aache mshipi uende kidogo, kisha azungushe rili tu. Waya nunueni na viungo vinavyozunguka, vinginevyo vijiko vitausokota mshipi wote.

Tezi_na_Omo

Nimeelewa mkuu. Nafasi tatu nimeshashika kwenye A. Swali la mwisho: tukifika mapema tukapewa kuchagua, tukae tezi kabisa au pembeni kidogo?

Bi_Chubwi

Kona ya tezi, upande ambao upepo unausukuma mshipi mbali na boti. Mgonjwa wenu msimweke hapo, moshi uko huko huko.