Naomba ushauri: saizi ya mpira wa kifaa cha kuvuta uume (ugonjwa wa Peyronie)

Habari zenu wakuu. Daktari amenikuta na ugonjwa wa Peyronie: kovu gumu limejijenga ndani ya uume, ukisimama unapinda kwenda juu na unauma. Ameshauri kifaa cha kuvuta, kile chenye fremu na mpira laini wa silikoni unaoshika nyuma ya kichwa. Nia ni kunyoosha, si kurefusha. Wauza dawa za kurefusha, tafadhali msinitafute.

Kinachonitatiza ni saizi ya mpira. Ninapotaka kuagiza wanauza kwa kipenyo: milimita 26, 29 na 32. Nimezungusha uzi nyuma ya kichwa uume ukiwa umelala, nikaulaza kwenye rula: sentimita 9. Gawanya kwa 3.14, unapata kama milimita 28.6. Lakini asubuhi ya baridi mzingo unashuka hadi 8, yaani milimita 25 na ushee. Kipimo kipi ndicho cha kufuata?

Mpira ukibana sana damu haipiti vizuri: kichwa kinapoa, kinabadilika rangi, ganzi inaingia. Ukilegea unachomoka mvuto ukizidi, unachubua ngozi. Nami nimetahiriwa, ngozi ya akiba hapo ni ndogo.

Mliowahi kutumia, vipimo vikiangukia katikati mlichukua ndogo au kubwa? Na kuna aliyezungushia bendeji laini kwanza ndipo akavaa mpira? Daktari nitamuuliza pia nikirudi kliniki, ila uzoefu wa mtumiaji nauhitaji sana.