Rangi za skrini ya kamera zinanidanganya: niuze kamera, nichukue monita ya nje, au kifaa cha kupimia rangi?

chipukizi_foto:
Wakuu heshima kwenu. Skrini ya nyuma ya kamera yangu inanichezea. Nikipiga nikaangalia pale nyuma naona picha imekaa vizuri, ngozi ina uhai, rangi zimekolea, nikija kufungua kwenye laptopu kila kitu kimepooza, ngozi kama ya mtu anayeumwa, na gauni la zambarau limekuwa bluu kabisa. Uwezo nilio nao ni wa kufanya kitu kimoja tu:
1. Kuuza kamera nichukue yenye skrini ya maana
2. Monita ya nje ya inchi 5, ile ya kupachika juu ya kamera
3. Kifaa cha kupimia rangi za skrini ya laptopu
Nataka kuagiza wiki hii hii. Mngekuwa nyie mngechukua ipi?

Mzee wa Kivuli:
Kamera gani? Unapiga RAW (faili ghafi isiyopikwa) au JPEG (picha iliyopikwa tayari na kamera)? Kwenye laptopu unafungulia programu gani? Ulikuwa juani au ndani? Hujasema hata kimoja halafu unataka tukuchagulie pa kumwaga hela.

fundi_sensa:
Swali la RAW ndo lenyewe. Wengi hawajui kwamba hata ukipiga RAW, kile unachokiona nyuma ya kamera ni JPEG ndogo ambayo kamera imeipika yenyewe na kuibandika ndani ya faili. Imepikwa kwa waiti balansi (kurekebisha rangi kulingana na taa) na staili ya picha uliyoseti kwenye menyu, kwa hiyo kama uko kwenye Vivid, ile ya kukoleza rangi, utaona Vivid. Ukienda kuifungua kwenye programu ya kueditia, programu inaitupa ile JPEG na kupika upya kwa mapishi yake. Ndo maana wengine wanasema picha inaonekana nzuri sekunde moja halafu inabadilika palepale. Skrini haina kosa hapo. Na histogramu ya nyuma (ile grafu ya mwanga wa picha) nayo inatoka kwenye hiyohiyo JPEG, msiiamini sana.

Kaka Lenzi:
Fundi usiitetee skrini kiasi hicho, zipo mbovu. Nikon D800 ilipotoka 2012 watu walilalamika sana kwamba skrini inavuta kijani, na D810 ilipokuja wakaweka sehemu ya kurekebisha rangi ya skrini kwenye menyu. Unafikiri waliiweka kwa kujifurahisha? Chipukizi, namba 1, uza. Na ukiuza chukua Canon, ngozi za Canon hazina mpinzani.

fundi_sensa:
Haya yameanza 😂 ngozi ya Canon kwenye RAW ni suala la profaili tu, yaani faili la maelekezo ya jinsi ya kutafsiri rangi. Nipe faili ya kamera yoyote ya miaka ya karibuni nitakupa ngozi unayoitaka.

Kaka Lenzi:
Utakaa nusu saa kwa kila picha. Mimi nina harusi nzima ya kukabidhi.

nurupicha:
Jamani mwacheni mleta uzi apate jibu. Mimi nasema namba 3 na sibadilishi. Sababu ni kwamba nyote mnadhani laptopu ndo inasema kweli, nani kawaambia? Laptopu nyingi zinatoka zikiwa na ubuluu, na mwangaza watu wanaupandisha mpaka mwisho, wakati mtu anayeediti kwa ajili ya kuchapa anatakiwa awe kwenye kandela (kipimo cha mwangaza) 80 mpaka 120 hivi kwa mita ya mraba. Kifaa unakilaza juu ya skrini, kinasoma rangi moja moja, kinatengeneza profaili, basi. Baada ya hapo ndo unaweza kusema kamera inadanganya, kabla ya hapo una washtakiwa wawili na huna shahidi. Skrini ya kamera hata ikiwa nzuri vipi unaiangalia juani, kwenye kivuli, chini ya taa ya njano, na jicho lako linajizoesha kila sehemu.

Jicho la Tai:
Naomba niongelee namba 2 maana hakuna aliyeigusa na mimi imenitesa. Nilichukua monita ya nje, jina silitaji, matangazo yake yanasema rangi sahihi mia kwa mia. Kuipachika tu naona nyeusi zote zimekuwa kijivu, picha imefifia kama ina vumbi. Nikahangaika sana, kumbe kamera inatoa picha kwa waya wa HDMI kwa viwango vya mwangaza vya 16 (nyeusi) mpaka 235 (nyeupe) na monita inasubiri 0 mpaka 255, hazielewani, na menyu ya monita haina hata pa kubadilisha. Nikaibadilisha upande wa kamera, nyeusi zikarudi, lakini sasa ikaonekana wazi kwamba monita yenyewe inavuta ubuluu. Nikaanza kuvuta nyekundu na kijani kwa macho mpaka ifanane na skrini ya kamera, usiku ndani ikafanana vizuri tu, kesho yake nje haifanani hata kidogo. Betri zake zinaisha haraka, waya wa HDMI unaning'inia, mteja anakuja kuchungulia na kuuliza mbona ameonekana mweupe hivyo. Nimebaki naitumia kwa fokasi ya video tu, huko inasaidia kweli. Kwa rangi sikushauri hata kidogo ndugu yangu.

chipukizi_foto:
Asanteni wakuu. Napiga RAW na JPEG kwa pamoja. Staili ndiyo Vivid kama alivyosema fundi. Mwangaza wa skrini uko oto. Na rangi nimeseti Adobe RGB maana kuna mtu aliniambia ina rangi nyingi zaidi. Kwenye laptopu huwa nabofya tu picha inafunguka yenyewe.

fundi_sensa:
Adobe RGB! Sasa tunaongea. Hiyo ni ya 1998 na kweli ina rangi pana kuliko sRGB, ile ya kawaida ya skrini nyingi, hasa kwenye kijani na samawati, lakini JPEG yake ukiifungua kwenye programu isiyosoma profaili ya rangi inatoka imepooza, ndo hicho unacholalamikia. RAW haiguswi na hiyo seti, inagusa JPEG tu. Rudisha sRGB, weka staili ya Standard, mwangaza ufunge katikati usiwe oto, halafu piga tena. Bure kabisa.

chipukizi_foto:
Na gauni la zambarau je?

nurupicha:
Hilo gauni halitapona kwa sRGB. Zambarau inasumbua kamera karibu zote kwa sababu sensa (kile kipokea mwanga ndani ya kamera) haioni kama jicho linavyoona. Piga kadi yenye vibandiko 24 vya rangi chini ya taa ileile, tengeneza profaili ya kamera, itasogea. Kadi ya kijivu peke yake haitoshi, hiyo inarekebisha waiti balansi tu.

Mzee wa Kivuli:
Na taa nazo mziangalie. LED za bei rahisi zina mapengo kwenye baadhi ya rangi, hata ungekuwa na skrini ya dhahabu. Vitambaa navyo vina mambo yake, mnaikumbuka Leica M8 ya 2006? Nguo nyeusi za sintetiki zilikuwa zinatoka na uzambarau kwa sababu ya infraredi (mwanga usioonekana kwa macho), mpaka kampuni ikawapa wenye kamera filta za kufunga mbele ya lenzi.

Kaka Lenzi:
Mzee na Leica zako. Bado nasema auze.

chipukizi_foto:
Nimebadilisha hizo seti, JPEG zimekaribiana na skrini ingawa ngozi bado naiona baridi kidogo kwenye laptopu. Sasa sijui ndo ninunue kile kifaa au nitulie kwanza. Na kuhusu namba 1, kuna mtu ananipigia simu, anataka kuinunua kamera.

nurupicha:
Azima kifaa kwa mtu, pima laptopu, rudisha. Hakuna haja ya kununua kitu cha kutumia mara moja kwa mwezi.

Jicho la Tai:
Kwani si wewe uliyesema namba 3 na hubadilishi?

nurupicha:
Kuazima nayo ni namba 3 😏

mgeni_wa_uzi:
Samahanini naingilia. Mimi skrini yangu ya nyuma nikisimamisha kamera wima inakuwa nyeusi kabisa, nikiilaza inarudi. Imeungua?

Mzee wa Kivuli:
Umevaa miwani ya jua ya polaraizi?

mgeni_wa_uzi:
Ndiyo, kwanini?

Kaka Lenzi:
😂😂😂 Vua kwanza.